Bondo la Sangara: Ogani Iliyoipita Minofu kwa Bei

Katika Kiswahili cha mwambao wa Ziwa Victoria, neno bondo, ambalo wingi wake ni mabondo, hutaja kifuko cha hewa kilichomo ndani ya mwili wa samaki, na hasa kile cha sangara, ambacho kwa ukubwa na unene wake ndicho kinachonunuliwa, kukaushwa au kugandishwa, na kusafirishwa nje ya nchi. Neno hili ni la kila siku huko Nyegezi, upande wa kusini wa jiji la Mwanza kando ya Ghuba ya Mwanza, ambako wavuvi, wachuuzi wa samaki na wanafunzi wa kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) hulitumia bila haja ya kulieleza. Lakini msomaji wa Tanga, Iringa au Lamu akilikuta gazetini katika habari ya biashara, huenda akadhani kwamba linazungumziwa tumbo la samaki, utumbo wake au mayai yake. Bondo si kimojawapo kati ya hivyo. Ni ogani inayojitegemea, yenye kazi yake maalumu katika maisha ya samaki, na ambayo katika muda usiozidi umri wa mtu mzima imetoka katika takataka za mwaloni, yaani mahali pa kushushia samaki, hadi kuwa sehemu ya samaki yenye bei kubwa kuliko minofu yenyewe, kilo kwa kilo. Kuelewa maana ya neno hili na historia ya kitu kinachotajwa nalo ni kuelewa pia jambo moja ambalo bei ya sokoni hulificha, nalo ni kwamba thamani ya bondo hutengenezwa na miaka ambayo samaki ameruhusiwa kuishi.

Mahali pa bondo katika msamiati wa mwili

Vitabu vya biolojia vya Kiswahili hutumia istilahi ogani kwa maana ya sehemu ya mwili iliyoundwa na tishu kadhaa zinazoshirikiana kufanya kazi maalumu, na kwa maana hiyo moyo, ini, mapafu, figo, kongosho na bandama zote ni ogani. Katika mazungumzo ya kawaida watu wengi husema viungo vya ndani au nyama za ndani, na mara nyingi husema tu matumbo, neno ambalo buchani na katika vibanda vya supu hukusanya pamoja tumbo na utumbo wa ng'ombe au mbuzi. Majina ya ogani kubwa, kama vile moyo, ini, nyongo na figo, ni ya asili ya Kibantu na yana ndugu zake katika lugha nyingi za Afrika Mashariki na Kati. Ukongwe wake unaonekana katika namna yalivyozama katika misemo, kwa kuwa jambo lililoharibika husemwa kwamba limetumbukia nyongo, maneno makali hukata maini, mwenye hofu huwa na tumbo joto, na anayejikaza katika shida hupiga moyo konde.

Bondo limekuja kwa njia nyingine. Hili ni neno la fani, yaani neno lililolelewa na watu wa kazi fulani kwa mahitaji ya kazi yao, na kwa hiyo halikubebeshwa hisia za binadamu bali limebeba bidhaa, daraja na bei. Kisarufi limeingia katika ngeli ya LI-YA, ambamo yamo pia pafu na mapafu, ini na maini, tumbo na matumbo, hivi kwamba mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, hata asiyewahi kuona sangara, akilisikia kwa mara ya kwanza atalitumia bila kukosea: bondo limetoboka, mabondo yamekauka.

Swali linaloweza kuulizwa ni kwa nini wavuvi hawakuridhika na neno kibofu, ambalo waandishi wa kitaalamu hulitumia wanaposema kibofu cha hewa. Jibu lipo katika matumizi. Kibofu, kwa Waswahili wengi, ni kwanza kabisa kibofu cha mkojo, na samaki wengi wenye mifupa wanacho pia kijifuko kidogo cha mkojo mbali na kile cha hewa. Neno moja kwa vitu viwili vinavyokaa katika tumbo lilelile lingeleta mkanganyiko mahali ambapo kisu kinatembea upesi na mnunuzi amesimama na mizani. Bondo linaondoa utata huo kwa silabi mbili. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, kitu hichohicho hujulikana kwa jina la nuni. Wafanyabiashara wa Kichina, ambao ndio wanunuzi wakuu, wana majina yao, moja likiwa na maana ya tumbo la samaki, ijapokuwa si tumbo, na Waingereza nao katika biashara huliita kwa neno lao la kale la tumbo la mnyama. Katika jambo hili Kiswahili cha mwaloni kimekuwa sahihi zaidi kuliko lugha hizo mbili, kwa sababu kimeipa ogani hii jina lisilochanganywa na ogani nyingine.

Bondo ndani ya samaki

Sangara anapopasuliwa kuanzia karibu na tundu la haja hadi chini ya matamvua, vinavyoonekana kwanza ni ini, tumbo, utumbo pamoja na mafuta yaliyouzunguka, na kwa jike aliyekomaa, mifuko miwili ya mayai. Bondo halionekani mara moja kwa kuwa limelala juu ya vyote hivyo, likiwa limeshikamana na dari ya uwazi wa tumbo, chini kidogo ya uti wa mgongo. Ni mfuko mrefu, mweupe, wenye mng'aro wa fedha, ulionyooka kufuata mgongo na kukazwa na gesi iliyomo ndani yake. Kati ya mfuko huo na mifupa ya mgongo upo ukanda wa rangi nyekundu iliyokolea, ambao mtu asiyejua hudhani ni damu iliyoganda, kumbe ni figo za samaki. Ndiyo maana bondo likibanduliwa hutoka na madoa mekundu, ambayo yasipooshwa mapema huacha rangi na kulishusha daraja. Na kwa kuwa ngozi yake imegusana na mbavu pande zote mbili, ncha ya kisu ikipita vibaya hulitoboa, na bondo lenye tundu huuzwa kwa hasara.

Kazi ya ogani hii ni kumwezesha samaki kuelea bila jasho. Nyama na mifupa ni mizito kuliko maji, kwa hiyo samaki asiye na kitu cha kumpunguzia uzito angelazimika kupiga mkia wakati wote ili asizame. Mfuko uliojaa gesi hurekebisha tofauti hiyo, na kwa samaki wa maji baridi huchukua takriban asilimia 7 ya ujazo wote wa mwili, ilhali kwa samaki wa baharini huchukua karibu asilimia 5, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi na yenyewe hubeba sehemu ya mzigo. Samaki mwenye bondo lililojaa kwa kiasi kinachofaa hutulia katika kina anachokitaka, kama sangara anavyotulia akivizia samaki wadogo kama furu au dagaa, bila kutumia nguvu isiyo ya lazima.

Namna gesi inavyoingia humo hutofautiana kati ya jamii za samaki. Dagaa na ningu wana mrija unaounganisha kifuko cha hewa na koo, kwa hiyo wanaweza kumeza hewa juu ya maji na kuitoa wanapotaka. Sangara aliyekomaa hana mrija huo, na bondo lake limefungwa kila upande. Gesi huletwa na damu. Ndani ya ukuta wa bondo ipo tezi ya gesi, iliyozungukwa na mtandao mnene wa mishipa midogo ya damu, nayo hutoa asidi inayoifanya damu iachie oksijeni iliyobeba. Oksijeni hiyo hukusanywa na mtandao huo na kusukumwa ndani ya mfuko hata pale ambapo mgandamizo wa humo ni mkubwa. Samaki anapotaka kupunguza gesi, sehemu nyingine ya ukuta hufunguka na kuirudisha katika damu. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na hapo ndipo penye maelezo ya jambo ambalo kila mvuvi wa ndoano amelishuhudia.

Mgandamizo wa maji huongezeka kadiri mtu anavyoshuka, kiasi kwamba katika kina cha meta 30 huwa takriban mara nne ya ule wa juu ya maji. Gesi iliyotulia katika bondo kwenye kina hicho hutanuka karibu mara nne samaki anapovutwa upesi hadi juu, na kwa vile haina mrija wa kutokea, husukuma kila kilicho mbele yake. Sangara hufika mtumbwini akiwa amevimba, macho yametokeza, na pengine tumbo lake limegeuka na kuchungulia mdomoni. Samaki wa namna hiyo, hata akirudishwa majini akiwa hai kwa sababu ni mdogo kuliko kimo kinachoruhusiwa, mara nyingi hawezi kuzama tena na hubaki akielea hadi kufa. Kwa sababu hiyo kanuni ya kumrudisha samaki mchanga majini haifui dafu kwa samaki wa kilindini; kinachomwokoa ni nyavu na ndoano zisizomnasa tangu mwanzo.

Kazi za mfuko wa hewa haziishii kwenye kuelea. Kwa dagaa, ningu na kambale, vijifupa vidogo huunganisha kifuko cha hewa na sikio la ndani, hivi kwamba mtikisiko wa sauti majini hupokelewa na gesi na kupelekwa kwenye sikio. Samaki hao husikia vizuri kuliko jamii nyingi nyingine. Kamongo naye, anayefahamika katika vinamasi na kingo za ziwa hili, ana mapafu ya kweli, na akizuiwa kufika juu ya maji kuvuta hewa hufa kwa kukosa pumzi ingawa ni samaki. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, aliandika kwamba mapafu ya wanyama wa nchi kavu yalitokana na kifuko cha hewa cha samaki. Wanasayansi wa leo wanakubali kwamba ogani hizo mbili ni za ukoo mmoja, lakini wamegeuza mpangilio wake: mapafu ndiyo yaliyotangulia katika samaki wa kale, na kifuko cha kuelea kilifuata baadaye. Kwa lugha nyepesi, bondo la sangara na pafu la mvuvi anayemvua vina babu mmoja.

Sangara alivyoingia ziwani

Sangara hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Samaki huyu, anayeitwa kitaalamu Lates niloticus, ni wa Mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana, naye alipandikizwa katika Ziwa Victoria kutoka upande wa Uganda na Kenya katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa lengo la kuwageuza furu wadogo wenye mifupa mingi kuwa nyama ya samaki mmoja mkubwa. Kenya alipewa jina la mbuta, Uganda mputa, na Tanzania sangara. Kwa miaka mingi alikuwa wa nadra upande wa kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walioanza kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, walikuta aina nyingi mno za samaki hao, kisha katika miaka ya 1980 wakashuhudia sangara akiongezeka ghafla na aina nyingi za furu zikitoweka mbele ya macho yao.

Wakazi wa mwambao hawakumpokea samaki huyu kwa shangwe. Mafuta yake mengi yalifanya iwe vigumu kumkausha juani kama walivyozoea kwa samaki wadogo, kwa hiyo alibanikwa kwa moshi, jambo lililokula kuni nyingi, au alipasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa kuwa kayabo, bidhaa ambayo soko lake liko hata Kongo. Hali ilibadilika pale viwanda vya kuchakata minofu vilipojengwa Mwanza na Musoma kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na minofu kuanza kwenda Ulaya. Tangu hapo samaki mmoja akagawanyika kuwa bidhaa nyingi, na kila sehemu ikapata jina na mnunuzi wake: minofu ya kusafirishwa, mafuta, mayai, na mapanki, yaani vichwa na mifupa vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa. Neno mapanki lilivuka mipaka ya Mwanza baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, kuonyesha mabaki hayo yakikaangwa na kuliwa, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete alijitokeza hadharani kuikosoa filamu hiyo. Wakati watu wakibishana juu ya mapanki, bondo lilikuwa likipanda bei bila kelele.

Kutoka mwaloni hadi Hong Kong

Katika miaka ya mwanzo ya sangara, mabondo yalitupwa pamoja na matumbo mengine, au yaliachiwa waliofanya kazi ya kupasua samaki. Leo hali ni kinyume chake, kwani bondo ndilo linalochunguzwa kwanza. Linapotolewa hupasuliwa kwa urefu ili gesi itoke na mfuko ukunjuke kuwa karatasi nene, kisha huoshwa damu, hubanduliwa utando mwembamba wa nje pamoja na mafuta, na hutandazwa juu ya kichanja au wavu uliowambwa ili lipigwe na jua na upepo pande zote mbili. Bondo lililokauka vizuri huwa gumu, la rangi ya manjano hafifu, na likiinuliwa dhidi ya mwanga huonekana kama kioo chenye ukungu. Lililokauka vibaya hubaki na madoa, harufu au ukungu, na wanunuzi hulitenga. Viwandani hupatikana pia njia ya pili, ambapo mabondo huoshwa na kugandishwa yakiwa mabichi.

Sehemu kubwa ya mabondo hayo huishia China, na Hong Kong ni kituo kikuu cha biashara hiyo duniani. Katika upishi wa Kichina, hasa wa kusini, mfuko wa hewa wa samaki huhesabiwa pamoja na jongoo bahari, mapezi ya papa na konokono wa baharini aina ya abaloni kuwa vyakula vinne vya heshima vitokavyo baharini, vinavyoandaliwa katika harusi na sikukuu au kutolewa zawadi. Huloweshwa hadi kulainika, kisha hupikwa kwa muda mrefu katika supu. Ladha yake yenyewe ni hafifu. Kinachotafutwa ni ute wake laini, pamoja na imani ya tangu zamani kwamba humpa nguvu mama aliyejifungua na kuitunza ngozi. Wauzaji huko hupanga bidhaa hii kwa aina ya samaki, unene, uzito na umri wa kukauka, na mabondo manene, ambayo huhesabiwa kuwa ya madume, huwekwa juu ya yale membamba.

Kabla ya soko la China kutawala, mfuko wa hewa wa samaki ulikuwa na historia ndefu Ulaya. Ule wa samaki wa jamii ya stajeni kutoka Urusi ulitumika kutengeneza gundi safi, ambayo mafundi wa kukarabati nyaraka za ngozi na michoro wanaitumia hadi leo, na ukiyeyushwa katika asidi hafifu hutoa rojo linalokusanya chembe za hamira na kuzizamisha, hivyo kuifanya bia au mvinyo kuwa safi bila kuchuja. Mwishoni mwa karne ya 18, William Murdoch, mhandisi wa Uskoti, aligundua njia ya kutumia samaki wa bei nafuu zaidi, yaani chewa wa bahari ya kaskazini, badala ya stajeni. Matumizi hayo yamepungua sana, na kampuni ya bia ya Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba ingeiacha njia hiyo, ili kuwaridhisha wanywaji wasiotumia kitu chochote kitokanacho na mnyama.

Mwambaoni husikika mara kwa mara maelezo kwamba mabondo hununuliwa kwa bei kubwa ili kutengenezea nyuzi za kushonea wagonjwa hospitalini. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu yanaipa bei sababu ya kisayansi, lakini yanapaswa kupokewa kwa tahadhari: nyuzi za asili za kushonea vidonda, zile zinazoyeyuka mwilini, kwa desturi hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo na ng'ombe, na bei ya bondo inaelezeka vya kutosha na meza ya chakula ya China. Kuhusu lishe, ukuta wa bondo umeundwa hasa na kolajeni, protini ngumu yenye nyuzinyuzi ambayo ndiyo pia inayojenga ngozi, kano na gegedu za binadamu. Hata hivyo, kolajeni inayoliwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote, na haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea; kwa hiyo anayekula minofu ya sangara, sato au dagaa hupata protini iliyo kamili zaidi kuliko anayekula bondo peke yake. Familia ya mvuvi inayouza bondo na kula samaki haijapoteza lishe katika biashara hiyo. Hasara ipo pale samaki wote wanapouzwa na watoto wakabaki bila kitoweo.

Bei na umri wa samaki

Jambo ambalo mgeni wa biashara hii hulielewa kwa kuchelewa ni kwamba mabondo hayauzwi kwa uzito wa jumla tu, bali kila moja huwekwa katika daraja kulingana na uzito wake lenyewe. Kilo moja iliyojaa mabondo madogo mengi haina bei ya kilo moja yenye mabondo machache makubwa, na pengo kati ya daraja la chini na la juu ni kubwa sana. Sangara anaweza kufikia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200, lakini humchukua miaka mingi kukua, na bondo hukua pamoja naye kwa urefu na kwa unene. Mvuvi anayevua sangara wachanga kumi hajapata kumi ya kitu ambacho angekipata kwa mmoja mkubwa. Amepata minofu midogo ambayo kiwanda kinachofuata sheria hakiruhusiwi kuipokea, na mabondo membamba yatakayotupwa katika daraja la mwisho.

Kanuni za uvuvi zimejengwa juu ya biolojia hiyo. Sangara dume kwa kawaida hukomaa akiwa na urefu wa takriban sentimita 50 hadi 60, ilhali jike huchelewa na mara nyingi hukomaa akiwa amevuka sentimita 70, na majike ndio wanaofikia ukubwa wa kupita kiasi, kila mmoja akiwa na uwezo wa kutaga mamilioni ya mayai. Kwa msingi huo nchi za ziwa, zinazoshirikiana kupitia Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO), iliyoanzishwa mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja, zilikubaliana juu ya kipimo cha kati ya sentimita 50 na 85: chini ya hapo samaki ni mtoto, na juu ya hapo ni mzazi wa kuachwa ajaze ziwa. Tanzania, ambayo sehemu yake ya ziwa ni takriban asilimia 51, ina Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zilizofuata mwaka 2009, na mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara iliyokamata nyavu, mitumbwi na samaki waliokuwa nje ya vipimo. Makokoro yanayoburutwa hadi ufukweni na nyavu za timba, yaani zile za uzi mmoja wa plastiki, zilikuwa kati ya zana zilizoandamwa zaidi, kwa sababu hukusanya watoto wa sangara na sato bila kuchagua.

Hapa ndipo bei ya bondo inapokuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja inampa mvuvi sababu ya kuvumilia, kwani samaki aliyeachwa akue humlipa mara mbili, kwa minofu na kwa bondo. Kwa upande mwingine inawafanya wazazi wakubwa, ambao ziwa linawahitaji kuliko wote, wawe ndio wanaowindwa zaidi. Mfano wa mahali ambapo upande wa pili ulishinda upo nchini Meksiko, katika Ghuba ya California, ambako samaki aitwaye totoaba alivuliwa kwa ajili ya mfuko wake wa hewa hadi akawekwa katika orodha ya viumbe vilivyokatazwa katika biashara ya kimataifa, na nyavu zilizoendelea kutegwa kwa siri zimemfikisha pomboo mdogo wa huko, vakita, ukingoni mwa kutoweka. Sangara bado hajafika huko, naye ni mgeni aliyewamaliza furu wengi, lakini maisha ya watu wengi wa Mwanza, Mara, Kagera na Geita yamefungamana naye, na kuanguka kwake kungeanguka juu yao.

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa wahusika. Wavuvi na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi kwenye mialo waendelee kuzikataa timba na makokoro, kwa kuwa samaki aliyekwisha kuvutwa kutoka kilindini mara nyingi harudi hai. Wanunuzi wa mabondo, ambao bei yao ina nguvu kuliko doria yoyote, waache kununua mabondo ya sangara wachanga, maana bidhaa isiyo na mnunuzi haivuliwi. Na wasimamizi wa lugha, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likiwa mbele, wakusanye na kusanifisha maneno ya uvuvi wa Ziwa Victoria kama vile bondo, mapanki, kayabo, timba na mwalo, ili kanuni, mikataba na vitabu vya shule viandikwe kwa maneno ambayo mvuvi wa Nyegezi anayaelewa, kwa kuwa sheria isiyoeleweka na anayehusika nayo ni vigumu kufuatwa.